Fremu ya Mbao, ya Chuma au ya Miguu: Ipi Ibebe Televisheni Yako Kubwa?

Anayetaka kutundika televisheni ya inchi 65 au 75 namuuliza kwanza ukuta wake umejengwa kwa nini. Wengi hunijibu kwa kunitajia chapa ya televisheni. Chapa haina shida, karibu zote zina matundu ya skrubu mgongoni yaliyopangwa kwa vipimo vya VESA, kiwango cha kimataifa cha umbali kati ya matundu hayo, na breketi za dukani, yaani vyuma vya kuning'inizia televisheni, hufuata vipimo hivyo hivyo. Penye shida ni nyuma ya plasta, mahali ambapo mwenye nyumba hajawahi kupaona.

Kuta za Uganda ni za kila namna. Bombo, Luwero na Wakiso utakuta matofali ya kuchoma, mengi yaliyochomwa kwa tanuru la kienyeji. Kwenye nyumba za kupanga za Kampala, vyumba mara nyingi hutenganishwa kwa matofali ya zege yenye matundu, au yale ya udongo yenye matundu yanayotoka kiwandani Kajjansi. Ukienda West Nile bado kuna nyumba nyingi za matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua na kupakwa plasta nzuri juu. Kisha kuna vibanda vya kutazamia mpira wa miguu, ambavyo ukuta wake ni mbao na mabati. Mtu akikuambia fremu fulani ndiyo bora bila kuuliza ukuta, usimpe kazi.

Nitalinganisha fremu tatu, yaani viunzi vinavyokaa kati ya ukuta na breketi: ya mbao iliyofungwa ukutani, ya chuma iliyofungwa ukutani, na ile yenye miguu inayosimama sakafuni ikishikwa na ukuta isianguke. Nitasema wazi ninayoipendelea, kwa sababu televisheni nzito ikianguka huwa imening'inia pale wanapokaa watoto.

Uzito, na jinsi unavyovuta

Televisheni za LED za siku hizi ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Ya inchi 55 huwa na kilo 14 hadi 20 hivi, ya 65 kilo 20 hadi 28, ya 75 kilo 30 hadi 38, na ya 85 hufika 40 hadi 50. Za plasma ni habari nyingine. Panasonic, Samsung na LG waliacha kuzitengeneza kati ya mwisho wa 2013 na mwisho wa 2014, lakini bado zinauzwa kwa mkono wa pili, na ya inchi 50 tu inaweza kuzidi kilo 30. Kabla ya kununua chochote soma kibandiko cha nyuma, au iweke kwenye mizani, kisha ongeza uzito wa breketi, ambao ukiwa wa mkono mrefu unaweza kukaribia kilo 10.

Hata hivyo bolti hazing'olewi na kilo peke yake. Umbali wa televisheni kutoka ukutani ndio unaozing'oa. Chukua televisheni ya kilo 40 kwenye breketi bapa, uzito wake ukiwa sentimita 6 kutoka ukutani, na bolti za juu na za chini zikiachana sentimita 20. Zidisha 40 kwa 6, ugawe kwa 20: bolti za juu zinavutwa nje kwa kilo 12. Hiyo ukuta wowote wa maana unaibeba. Sasa ihamishie kwenye breketi ya mkono unaonyooka hadi sentimita 50. Zidisha 40 kwa 50, ugawe kwa 20: kilo 100. Televisheni ni ile ile na bolti ni zile zile, lakini mvuto umepanda zaidi ya mara nane.

Fremu inasaidia papo hapo. Ukitenganisha bolti za juu na za chini kwa sentimita 80 badala ya 20, mkono ule ule utavuta kilo 25 tu. Tena kilo hizo zinagawanywa kwa bolti tatu au nne za juu, kila moja ndani ya tofali lake. Faida kubwa ya fremu, iwe ya mbao au ya chuma, ni kuzisambaza bolti. Fremu fupi yenye upana na urefu wa breketi yenyewe haijakuongezea kitu ila kazi.

Kuujua ukuta

Toboa tundu moja dogo la milimita 6 mahali patakapofunikwa na televisheni, bila kuwasha mpigo wa nyundo wa drili. Plasta huwa na sentimita moja na nusu hadi mbili, nayo haibebi chochote. Ukishaipita, tazama vumbi. Tofali lililoiva hutoa vumbi jekundu, kavu, na drili huenda polepole kwa kasi ile ile. Tofali ambalo halikuiva, na katika tanuru la kienyeji yale ya pembeni mara nyingi hayaivi, humeza drili haraka na kutoa vumbi la rangi ya machungwa. Ukiona vumbi la kahawia kama udongo wa shambani, hilo ni tofali bichi. Ukipita sentimita tatu au nne drili ikadumbukia ghafla kwenye uwazi, una tofali la matundu.

Likitoka vumbi la kijivu lenye mchanga, huenda umepiga kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali. Sogea sentimita nne juu au chini ujaribu tena. Bolti ikae katikati ya tofali, kiungo hupasuka.

Usitoboe kamwe juu au chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka. Mabomba ya nyaya huchimbiwa ukutani yakipanda au kushuka kutoka hapo, na umeme wetu ni volti 240.

Fremu ya mbao

Nguvu ya mbao ni kwamba seremala yeyote anaweza kuitengeneza, na hata wewe mwenyewe ukiwa na msumeno, drili na pimamaji. Nguzo mbili za inchi 4 kwa 2, vipande vitatu vya kulala, viungo vya kukatiana nusu kwa nusu vilivyotiwa gundi na skrubu, basi. Ukikosea tundu la breketi unalisogeza. Ukibadilisha televisheni kesho, ile yenye matundu ya milimita 400 kwa 400 ukaleta ya 600 kwa 400, unapiga skrubu mpya na maisha yanaendelea. Chuma hakikupi uhuru huo.

Udhaifu wa mbao unaanzia sokoni. Mbao nyingi zinazouzwa Ndeeba na Bwaise jijini Kampala ni mbichi, zimepasuliwa juzi. Ukiifunga mbichi, itakauka ikiwa ukutani, itasinyaa na kujipinda, na bolti ulizozikaza vizuri zitalegea bila mtu kuzigusa. Mkaratusi ndio mbaya zaidi kwa hili: ni mgumu, una nguvu, bei yake ni nafuu, lakini ukikauka vibaya unageuka kama upinde. Paini inatulia zaidi ila ni laini, kwa hiyo weka washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) chini ya kila nati. Musizi siupendi kwa kazi hii, mchwa wanaupata haraka. Mvule ndiyo mbao ya kazi, haiogopi mchwa na haijipindi ovyo, ila imekuwa adimu na bei yake inakaribia au kupita ya chuma. Ukipata mbao za mvule za kitanda cha zamani au mlango uliong'olewa, zimekwisha kukauka miaka mingi, zichukue.

Kama unanunua mbao ya kawaida, ipange chini ya paa, vipande vidogo katikati ya kila ubao ili hewa ipite, uiache miezi kadhaa. Asiye na muda huo aende kwenye chuma. Nasema hivi nikiwa napenda mbao kuliko chuma.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalipigii hesabu, nalo ni urefu wa bolti. Mbao ya inchi 2 ina milimita 50. Plasta 15 hadi 20. Ndani ya tofali lenyewe unahitaji angalau 60. Jumla ni milimita 125 hadi 130, na bado hujahesabu nati na washa. Bolti za kutanuka zinazouzwa kwa wingi ni za milimita 80 au 100. Fundi akizitumia kwenye mbao ya inchi 2, zinaishia milimita 10 hadi 35 ndani ya tofali, na zinaonekana zimekaza kabisa siku ile ya kwanza. Nunua ndefu. Kuchimbia kichwa cha bolti ya 100 ndani ya mbao kwa milimita 20 peke yake hakutoshi.

Fremu ya chuma

Kwa chuma, bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2 linatosha televisheni yoyote ya nyumbani. Kipande kizima cha mita 6 hutosha fremu moja. Mafundi wa Katwe, pale Kampala, wataimaliza kwa siku moja, na kila mji wenye soko una wachomeleaji wake.

Kuwa mwangalifu na unene. Bomba la milimita 1.2 na la milimita 2 yanafanana kabisa yakiwa yamepakwa rangi. Mizani haidanganyiki: bomba la 40 kwa 40 la mita 6 lenye unene wa milimita 2 lina kilo 14 hivi, la 1.5 lina kama kilo 10 na nusu, na la 1.2 kama 8 na nusu. Omba lipimwe kabla ya kukatwa. Muuzaji mwema hatakasirika.

Kuna ambao huogopa kwamba chuma kitauongezea ukuta mzigo. Mita 6 za mvule wa inchi 4 kwa 2 zina karibu kilo 20, kwa hiyo fremu ya chuma ndiyo nyepesi kati ya hizo mbili.

Ila usikubali fundi atoboe bomba lenyewe na kupitisha bolti ya ukutani katikati. Ukikaza nati, kuta za bomba zinabonyea kuelekeana, na baada ya muda bolti haina mkazo tena. Mwambie achomelee masikio ya chuma bapa cha milimita 5 au 6, yatokeze pembeni mwa fremu, matatu juu, matatu chini, na moja au mawili kila upande. Bolti ipite kwenye masikio hayo. Rudia sasa ile hesabu: chuma 6, plasta 20, tofali 60, jumla milimita 86. Ile bolti ya 100 iliyokuwa fupi kwenye mbao inatosha hapa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua chuma kwenye ukuta mzuri, kuliko hata nguvu ya chuma chenyewe.

Kagua uchomeleaji kabla ya rangi. Mstari uzunguke kiungo chote. Ukikuta nukta nukta kwenye pembe, mrudishie. Pia miisho ya mabomba izibwe, la sivyo mende na nyigu watahamia. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe hata upande utakaoegemea ukuta, na hasa huo, kwa sababu hutaufikia tena. Jinja, Entebbe na kote kando ya ziwa unyevu hautoki.

Kazi ya kuchomelea ifanyike karakana. Cheche ndani ya sebule yenye makochi na mapazia ni hatari. Na kwa kuwa chuma kinapitisha umeme, nyaya za televisheni zisipite juu ya kingo kali za fremu. Zifunge kwa vishikio vya plastiki, na mwambie fundi umeme aiunganishe fremu na waya wa ardhi.

Ubaya wa chuma ni ukaidi wake. Matundu ya breketi lazima yapimwe kwa breketi halisi mkononi, siyo kwa kubahatisha. Ukikosea milimita tano unarudi Katwe.

Fremu yenye miguu

Hii ndiyo watu hawaiulizi, nami huipendekeza mara nyingi kuliko zile mbili. Nguzo mbili zinasimama sakafuni hadi sentimita 170 au 180, zikiegemea ukuta, na televisheni inafungwa juu yake. Uzito wote unashuka kwenye sakafu. Ukuta unabaki na kazi moja, kuzuia fremu isielekee mbele.

Hesabu yake inafurahisha. Televisheni ya kilo 40, uzito wake sentimita 10 mbele ya nguzo, na nguzo zimeshikwa ukutani kwa urefu wa sentimita 170. Zidisha 40 kwa 10, ugawe kwa 170: ukuta unavutwa kwa kilo mbili na ushei. Hata ukiweka mkono wa sentimita 60, mvuto ni kilo 14, wakati bolti nne za breketi peke yake zingevutwa kwa zaidi ya 100. Mtoto akining'inia hapo mvuto utaongezeka, lakini bado uko mbali na ule wa breketi tupu.

Kwa nyumba ya matofali mabichi, hii ni lazima. Bolti ya kutanuka kwenye tofali bichi hulisaga tofali likawa unga. Fremu ya miguu inaweza kushikwa juu kabisa kwenye zege la lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, kama lipo, au ukutani kwa bolti mbili zinazopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa bapa la chuma la sentimita 15 kwa 15. Mpangaji naye inamfaa: matundu mawili au manne ya kuziba siku ya kuhama, na fremu anaondoka nayo.

Miguu ya chuma ichomelewe vitako vya sentimita 10 kwa 10 ili isitoboe sakafu ya saruji laini. Miguu ya mbao isikae moja kwa moja sakafuni, maana maji ya kupigia deki yanapanda ndani ya mbao na mchwa nao hutokea kwenye nyufa za pembeni. Ivishe viatu vya chuma au raba nene, na uipake dawa ya mchwa. Sura yake wengi hawaipendi, wakisema inaonekana kama ngazi. Ifunike mbele kwa plaiwudi iliyopakwa rangi kutoka chini hadi juu, nyaya zipite nyuma yake. Itaonekana kama sehemu ya ukuta.

Nani achague ipi

Ukuta wa inchi 9 wa matofali yaliyoiva, televisheni ya breketi bapa hadi inchi 65: hapo hata fremu huihitaji sana. Breketi nzuri na bolti nne au sita zilizoingia katikati ya matofali zinatosha. Ukitaka fremu kwa ajili ya kuficha nyaya, mbao kavu inatosha.

Ukuta huo huo, lakini unataka mkono wa kugeuza televisheni kuelekea meza ya chakula, au una inchi 75 na zaidi: chuma chenye masikio. Mbao inaweza, ila mkono huwa unavutwa na kurudishwa kila siku, na mtikisiko huo ndio unaolegeza skrubu za mbao.

Tofali la matundu linanisumbua zaidi kuliko yote, kwa sababu kwa nje linafanana na ukuta mzuri. Bolti ya kutanuka haina cha kushika ndani ya uwazi, na ukikaza sana ganda la tofali linapasuka. Plagi za plastiki ambazo mafundi huziita fisha zinafaa kwa picha na rafu ndogo. Kuna gundi ya kemikali inayosindikwa ndani ya kifuko cha wavu kilichoingizwa tunduni, na kazi yake ni nzuri, lakini inahitaji tundu lisafishwe vumbi lote na gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Fundi mwenye haraka hataufuata. Kwa hiyo kwenye ukuta wa matundu mimi nasema miguu, hata kwa inchi 65. Pakiwa na nguzo ya zege kwenye kona, fremu ndefu ya chuma inaweza kushikwa hapo kwa upande mmoja, lakini nguzo za zege hazikai mahali unapotaka kutazamia mpira.

Mtindo wa kupamba ukuta wa televisheni kwa jipsamu umeenea sana Kampala, nami sina neno nao, mradi fremu itangulie. Jipsamu haibebi televisheni. Fremu ifungwe kwenye tofali kwanza, plaiwudi ya milimita 18 ifungwe juu ya fremu mahali pa breketi, ndipo jipsamu ifunike. Piga picha ukiwa umelaza futi ya kupimia kabla ya kufunika, ili miaka mitatu baadaye ujue nguzo iko wapi. Ubao wa vumbi la mbao usitumike badala ya plaiwudi. Ukinyonya unyevu unavimba na skrubu zinatoka kwa mkono.

Kwa kibanda cha mpira, usifunge kwenye mbao za ukuta hata moja. Zimewekwa kuzuia mvua na watu wasiolipa. Chimbia nguzo mbili za chuma au mkaratusi uliotiwa dawa, sentimita 60 ardhini ndani ya zege, na fremu ifungwe kwenye nguzo. Televisheni ikae juu kuliko ya nyumbani ili wa nyuma waone, ikiinamishwa kidogo. Sebuleni, katikati ya skrini ikae sentimita 105 hadi 115 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa. Uganda, Kenya na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na wenye vibanda watataka skrini kubwa zaidi. Nguzo zisimikwe mapema ili zege likomae.

Kwa walioko Fort Portal, Kasese, Bundibugyo na ukanda wote wa bonde la ufa, kuna jambo la nyongeza. Ardhi ya huko hutikisika. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 na lile la tarehe 5 Februari 1994 yaliangusha nyumba. Huko breketi iwe na kufuli au skrubu ya chini inayozuia televisheni isiruke kutoka kwenye ndoano zake, kwa sababu breketi nyingi za bei nafuu huning'iniza tu. Fremu ya miguu nayo ishikwe ukutani pande mbili, juu na katikati.

Mwisho ni skrubu zinazoingia kwenye televisheni yenyewe. Nyingi kubwa hutumia M6 au M8, yaani za kipenyo cha milimita 6 au 8. Ikiwa ndefu mno inagonga vitu vya ndani, ikiwa fupi inashika nyuzi mbili tu. Ingiza kijiti chembamba tunduni, pima kina chake, ongeza unene wa breketi na washa. Ikishafungwa, rudi baada ya mwezi na spana, na kama fremu ni ya mbao rudi tena kiangazi cha kwanza kikiisha, ukaze kila nati.